Pacha Aliyekalia Kiti cha Dada Yake

Usichanganye dawa kabla mgonjwa hajakaa kitini na kuvua viatu. Vijana hucheka wakisikia habari ya viatu, lakini Sista Akumu, muuguzi mkuu aliyenifundisha kazi, alikuwa na sababu zake. Mgonjwa aliyekaa na viatu miguuni bado anaweza kukumbuka kwamba hajanywa chai. Atainuka, atasema "nakuja sasa hivi," na sasa hivi ya Kisumu mnaijua. Dawa yetu ikishachanganywa haimngoji mtu. Sista aliwahi kumwaga chupa nzima kwa sababu mzee mmoja alitoka kutafuta chapati, akakutana na shemeji yake. Tangu siku hiyo, viatu kwanza.

Mimi ni Barasa. Nimestaafu, nakaa Mamboleo hapa Kisumu, nalima sukumawiki nyuma ya nyumba. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya damu hapa mjini, na wagonjwa waliniita Daktari. Nilijaribu kuwasahihisha kwa miaka mingi, mwishowe nikachoka. Nilitoka upande wa Busia nikiwa kijana, kwa hiyo Kijaluo changu kina makovu. Wagonjwa walikicheka mpaka wakasahau sindano. Nilipoona hivyo, sikujitahidi sana kukinyoosha.

Ninyi mnaoingia kazini leo mmekuta mambo yamebadilika. Nilipoanza, saratani ya damu tuliielewa kwa njia moja tu: kuna chembe mbaya, ziue. Dawa ziliua mbaya na nzuri pamoja, nywele zikaanguka, midomo ikachubuka, na vijana wenye nguvu wakapona au wasipone. Wazee dhaifu hawakuziweza dawa hizo. Tuliwaongezea damu, tukawapa vidonge vya kupunguza chembe, tukawafariji. Sista Akumu hakupenda faraja za uongo. "Ukimwambia mgonjwa kesho atapona," alisema, "kesho atakuja kukutafuta."

Kisha ikaja sindano hii ya chini ya ngozi. Ni unga mweupe unaochanganywa na maji, na ukishachanganyika unakuwa kama maji ya mchele. Ukiliacha bomba la sindano limesimama, dawa inakaa chini na maji yanabaki juu. Lizungushe bomba kati ya viganja, taratibu, kama mtu anayepasha mikono joto, mpaka ukungu uenee sawa. Badilisha sindano kabla ya kudunga, kwa maana ile uliyovutia dawa ina dawa kwenye ncha, nayo inachoma ngozi. Leo tumbo upande wa kulia, kesho kushoto, kesho kutwa paja. Usirudi palipo pekundu. Na muulize mgonjwa habari ya choo bila aibu, kwa sababu dawa hii hufunga tumbo. Mimi niliagiza papai kwa wagonjwa wengi kuliko nilivyoagiza vidonge.

Lakini kudunga ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kumfanya mgonjwa arudi. Hilo nilifundishwa na dada wawili wa Sondu.

Apiyo na Adongo walikuwa mapacha wa kufanana, wajane wote wawili, umri wao umeshavuka sitini. Walikuwa mafundi cherehani sokoni Sondu, wakishona sare za shule. Aliyekuwa mgonjwa ni Apiyo. Kwa miezi mingi alikuwa na homa, akitibiwa malaria, akipata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Alikuwa akitoa jasho usiku mpaka shuka inaloa. Upande wa kushoto chini ya mbavu alikuwa na uvimbe, ambao ulikuwa wengu wake uliojaa. Alikuwa ameachia mishono ya nguo zake zote kiunoni huku mikono ikizidi kukonda. Hatimaye mtu fulani akaangalia damu yake vizuri na kumleta kwetu.

Daktari wetu wa damu wakati huo alikuwa mwanamke kijana, Daktari Anyango, mpole, asiyependa kuharakisha mtu. Baada ya kupima uboho, yaani ile nyama laini ndani ya mfupa inakotengenezwa damu, aliwaita wote wawili. Nilikuwepo. Alisema ni saratani ya damu inayoanzia kwenye aina moja ya chembe nyeupe za kinga, zile kubwa zinazomeza vijidudu. Zimekuwa nyingi mno, hazikomai, na zinawasha mwili moto bila adui yeyote kuwepo. Ndiyo maana ya jasho na homa.

Apiyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Daktari, mimi na huyu tulitoka yai moja. Tumekula sufuria moja, tumefanya kazi meza moja. Kwa nini ni mimi?"

Adongo alikuwa ameshika mkoba wa dada yake magotini. Hakuinua macho.

"Mama, hukufanya kosa," Daktari Anyango akasema. "Maagizo mliyozaliwa nayo ndani ya chembe ni yale yale. Lakini juu ya maagizo hayo mwili huweka alama ndogo ndogo. Alama hazibadilishi neno lolote. Zinaiambia chembe, hapa soma, hapa ruka. Mlipozaliwa alama zenu zilikaribia kufanana. Miaka inavyokwenda, kila mmoja anakuwa na zake."

Apiyo akafikiri kidogo. "Kama chaki yetu. Kitambaa ni kimoja, yeye akichora ni kaptula, nikichora mimi ni sketi."

"Ndiyo, kama hiyo. Na chaki isiyotakiwa, mwili una kitu cha kuifuta. Kwako wewe, kwenye chembe moja ya uboho, kifutio hicho kiliharibika. Chembe hiyo ikazaa nyingine, na zote zimerithi kifutio kibovu. Chaki imejaa. Mahali palipoandikwa komaa, fanya kazi, kisha ufe, pamefunikwa. Sasa chembe hazisomi hapo."

"Na kifutio, mnaweza kukitengeneza?"

"Bado hatujui namna. Lakini tuna dawa inayozuia chaki isinakiliwe upya kila chembe inapogawanyika. Chembe ikigawanyika leo inabaki na kidogo, ikigawanyika tena inabaki na kidogo zaidi. Kwa hiyo, Mama, dawa hii ni ya polepole. Inaweza kukushusha kwanza kabla haijakuinua. Na kuna wale ambao haiwainui."

Nimerudia maelezo hayo kwa wagonjwa wengi baada yao, na mnaweza kuyatumia. Fahamuni tu kwamba mambo ni mengi kuliko hayo. Kuna makosa kwenye maagizo yenyewe, kuna umri, kuna bahati. Usimdanganye mgonjwa kwamba yote ni chaki.

Tukaanza. Wiki moja ya sindano, kisha wiki tatu za kupumzika. Wakati wa sindano, Apiyo na Adongo walikaa hapa Mamboleo kwa Ochieng', mwana wa kwanza wa Apiyo, aliyekuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Baada ya awamu ya kwanza damu ya Apiyo ilishuka kama tulivyotarajia. Akaongezewa damu. Baada ya awamu ya pili fizi zilitoka damu, akapata homa, akalazwa. Alipotoka alikuwa mwepesi kiasi kwamba Adongo alimshika mkono kama anayeshika mtoto.

Ochieng' alinifuata koridoni. Alikuwa mtu wa heshima, hakupandisha sauti. "Daktari Barasa, nisaidie kuelewa. Mama alikuja hapa akitembea. Sasa hatembei. Hii dawa inamtibu ama inammaliza?"

Nikamweleza tena habari ya kushuka kwanza. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hayajamwingia. Hapo nawaambia ukweli, vijana: mwanangu angeniuliza hivyo kuhusu mama yake, maelezo yangu yasingemwingia pia. Mtu huamini anachokiona, na alichokiona yeye ni mama anayekonda.

Awamu ya tatu ikaanza. Jumatatu Apiyo alikuja, akapimwa damu, tukamdunga. Jumanne akaja, akadungwa. Jumatano asubuhi akaingia na sweta yake ya kijani, kitambaa chake cha kichwa kimevutwa mpaka mashavuni, akakaa, akavua viatu.

Nikafuata sheria zote. Nikamwuliza jina. "Apiyo," akasema, akataja na jina la baba. Nikamwuliza tarehe ya kuzaliwa, akaitaja bila kusita. Nikatazama kitambulisho kwenye faili, nikatazama uso. Sawasawa. Nikachanganya dawa, nikalizungusha bomba viganjani, nikabadilisha sindano, nikamwambia, "Mama, leo tumbo upande wa kushoto."

Akafunua tumbo.

Lilikuwa safi. Si safi kwamba limeoshwa, hapana. Halikuwa na alama hata moja. Apiyo wakati huo tumbo lake lilikuwa na mabaka mekundu ya Jumanne, na ya zambarau ya awamu iliyopita, na uvimbe wa wengu unaoonekana kwa macho. Tumbo hili lilikuwa la mwanamke mwenye afya. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, pamba ya spiriti tayari.

Nikairudishia kifuniko. "Mama Adongo," nikasema.

Hakujitetea. Alishusha blauzi, akaiweka vizuri, ndipo akaniangalia. "Umejuaje?"

"Dada yako yuko wapi?"

"Kwa Ochieng'. Amekataa kutoka kitandani. Wameamua jana, yeye na mtoto wake. Wanasema inatosha, arudi Sondu akakae na watu wake." Alikuwa anasema kwa utulivu kabisa. "Kwenye benchi nilisikia, mtu akikosa siku moja dawa yake inapewa mwingine anayengoja. Nikasema wacha nishike nafasi. Leo nadungwa mimi, jioni naongea na yeye, kesho anarudi."

Hayakuwa kweli, mambo ya benchi. Siku moja ingeweza kusogezwa. Lakini nani aliwahi kukaa akamweleza? Sisi tulimweleza mgonjwa, na aliyeshika mkoba tukamwacha aokote habari kwenye benchi.

"Unajua hii ingekufanya nini?" nikamwuliza. "Wewe huna ugonjwa. Ingeshusha damu yako nzima bure."

"Nimeona inavyomfanya yeye," akasema. "Najua."

Nikakaa chini. Sikuwa nimekutana na jambo kama hilo, wala Sista Akumu hakuwahi kunifundisha la kufanya. Dawa ilikuwa imeshachanganywa kwa jina la Apiyo. Kwenye friji ingevumilia saa chache tu. Nikaliweka bomba lote ndani, nikabandika jina, nikamwendea Daktari Anyango nikamweleza kila kitu. Aliweka kalamu chini. "Nenda naye," akasema. "Usimlete kwa nguvu. Lakini nenda."

Tukachukua tuktuk mpaka Mamboleo. Njiani nilikuwa natafuta maneno.

Apiyo alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, blanketi mpaka kifuani, ingawa kulikuwa na joto. Ochieng' alikuwa amefunga duka, amekaa karibu na miguu yake. Aliponiona akasimama kunipa kiti. Kisha akamwona mama yake mdogo nyuma yangu na sweta ya kijani.

"Mama, kwa nini umevaa nguo ya mama?"

"Nilienda kudungwa," Adongo akasema.

Apiyo akainuka kwa kiwiko. "Umefanya nini?"

"Huyu alinishika kabla hajadunga."

"Na kama hangekushika?"

"Ningekaa."

Nikadhani Apiyo atalia. Badala yake akasema kwa hasira, "Nyamera, wewe ni mjinga," na nyamera kwa Kijaluo ni dada yangu. "Mimi natafuta kupumzika, wewe unatafuta ugonjwa?"

"Ulitangulia kutoka tumboni, sikukulaumu," Adongo akajibu. "Hii ya pili hutatangulia bila kuniuliza. Mmekaa na Ochieng' mkaamua. Mimi niliulizwa na nani?"

Ochieng' akaangalia sakafu.

Sasa nilikuwa nimejiandaa kutoa hotuba, lakini Apiyo akanigeukia yeye mwenyewe. "Daktari, niambie bila kunizungusha. Itafanya kazi?"

"Sijui, Mama," nikasema. "Kuna watu haijawasaidia, na nimewazika. Ninachojua ni kwamba awamu mbili ni chache. Zile chembe hazijagawanyika vya kutosha kwa chaki kupungua. Ulichopata mpaka sasa ni ubaya wa dawa peke yake. Uzuri wake, kama upo, haujapata nafasi. Ukiacha leo, utakuwa umebeba mzigo mpaka karibu na mlango, ukautua nje."

"Na mwisho wake ni lini?" Ochieng' akauliza.

"Awamu ya sita. Hapo tunapima. Ikiwa hakuna kitu, mimi mwenyewe nitakuja hapa, nikae kwenye kiti hiki, niwaambie tuache. Hamtalazimika kunitafuta. Na akizidiwa kabla ya hapo, akisema basi, basi. Sitamsukuma."

Nilitaka kuongeza mengine, nikanyamaza. Jambo hilo nalo jifunzeni. Ukishasema ukweli wote, usiupambe.

Apiyo akamwambia dada yake, "Nipe sweta yangu."

Adongo akaivua. Tulirudi wanne ndani ya tuktuk moja, Ochieng' amekaa mbele na dereva, nusu ya mwili wake nje. Dawa ilikuwa bado nzima. Nilipomdunga Apiyo, kwenye paja kwa sababu tumbo lilikuwa limechoka, Adongo alishika mkono wake na kuuliza maswali yote ambayo hakuwahi kuuliza. Nikayajibu yote. Kuanzia wiki hiyo, kliniki yetu iliweka viti viwili kwa kila mgonjwa, na hakuna maelezo yaliyotolewa kiti cha pili kikiwa kitupu. Daktari Anyango ndiye aliyeamua hivyo. Mkifika mahali pasipo na kiti cha pili, kaleteni.

Awamu ya nne ilikuwa ngumu kama zilizotangulia. Ya tano ikapita bila kuongezewa damu, na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Kabla ya awamu ya sita Apiyo aliingia kliniki akiwa na gauni la maua, akajigeuza mbele yangu. "Angalia hapa kiunoni," akasema. "Nimelipunguza jana kwa mkono wangu. Pande zote mbili." Wengu ulikuwa umerudi nyuma ya mbavu. Tulipopima, zile chembe zilikuwa zimepungua sana, na nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa zinakomaa kama inavyopasa. Ochieng' alinishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Mimi nikamwuliza Apiyo habari ya choo.

Haikuwa kupona. Daktari Anyango alilisema wazi, na Apiyo alilielewa kuliko sisi. Aliendelea na sindano, wiki moja kila mwezi, na kati ya hizo alirudi Sondu kwenye cherehani. Alipata miaka mizuri. Alishona sare za wajukuu wake wote, akamwoza binti mdogo wa Ochieng', akagombana na wenye maduka ya vitambaa kama zamani. Kisha chembe zikajifunza njia nyingine, kama zinavyofanya mara nyingi, na dawa ikaacha kumsaidia. Nilikwenda kwa Ochieng', nikakaa kwenye kile kiti, nikawaambia kama nilivyoahidi. Apiyo alisema, "Ero kamano, Daktari," yaani asante, kisha akaomba uji. Alifariki nyumbani kwake Sondu, dada yake ubavuni.

Miezi kadhaa baada ya mazishi Adongo alikuja kliniki peke yake. Nilikuwa karibu kustaafu. Alikaa, hakuvua viatu, akasema anataka kujua kama na yeye ana saratani hiyo.

Nikamweleza kwamba kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni cha kawaida, kuhesabu chembe za damu. Cha pili kinaingia ndani zaidi, kutafuta kama kuna chembe zenye kifutio kibovu ambazo bado hazijaleta ugonjwa. Watu wengi wa umri wetu wanazo chache, wanaishi nazo na kufa kwa mambo mengine, na zikionekana hakuna dawa ya kuwapa. Nikamwambia hakuna kosa kuchagua kimoja na kuacha kingine.

"Nipe hicho cha kuhesabu," akasema. "Hicho kingine kitaniamsha usiku."

Majibu yalitoka mchana huo huo. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nikamwonyesha, nikamsomea mstari kwa mstari. Alichukua muda kuelewa kwamba ni habari njema. Alikuwa amejiandaa kwa nyingine.

"Daktari," akauliza, "unafikiri yeye angefurahi?"

"Angefurahi sana, Mama."

Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akitabasamu.

"Wewe humjui Apiyo," akasema. "Angeninunia mpaka jioni. Ndipo angefurahi."